Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili: masurufu ya utafiti yatoke kabla ya kupanda mbegu

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima inayostahili ofisi yako. Waraka uliobandikwa Ijumaa tumeusoma, na tunakushukuru kwa lugha yake ya upole. Unasema kikao cha kupitisha maandiko ya utafiti kimeahirishwa hadi itakapotangazwa tena, na kwamba masurufu ya uwandani yatafuata baada ya kikao. Mwaka jana uliahidi, mbele ya wanafunzi na wasimamizi wao, kwamba jambo hili halitajirudia. Limejirudia, safari hii likiwa na mhuri.

Pengine ofisi yako inadhani utafiti wa mifumo endelevu ya chakula hufanyika maktaba, na kwamba ukichelewa mwezi mmoja vitabu utavikuta palepale rafuni. Basi uturuhusu tueleze kinachopotea, maana inaelekea hakuna aliyewahi kukueleza.

Tuanze na udongo. Mwanafunzi anayetaka kujua kama samadi, au kuchanganya nafaka na mikunde shamba moja, kunaongeza kaboni ardhini, ni lazima achukue sampuli za mwanzo kabla jembe halijapita na kabla mbolea haijamwagwa. Anachimba hadi sentimita 30, tabaka kwa tabaka. Katika kila tabaka anapigilia pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana, na udongo uliomo unakaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito wake usibadilike tena. Bila uzito huo, asilimia ya kaboni inayotoka maabara haigeuki kuwa tani kwa hekta. Shamba likishalimwa, udongo umefumuka: pete ileile inabeba udongo mchache, na hesabu inaonyesha kaboni imepungua hali haijaenda popote. Mtahini wa nje hulinasa kosa hilo kwenye jedwali la kwanza. Mwanafunzi amjibu nini? Kwamba hundi ilikuwa haijasainiwa?

Nitrojeni ndiyo haisubiri kabisa. Sampuli za kupima naitreti na amoniamu, yaani nitrojeni ambayo mimea huifyonza, zinaingia kwenye barafu palepale shambani, zinafika maabara zikiwa baridi, kisha zinatikiswa na myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa molari 2 na kuchujwa mapema, au zinagandishwa. Zikishinda kwenye buti ya gari, vijidudu vya udongo vinaendelea na kazi yao humo humo mfukoni na naitreti inapanda. Sasa itazame fomu yenu ya ununuzi: boksi la baridi linadai nukuu tatu za bei, na barafu tunaambiwa haina kifungu cha bajeti.

Kwenye mavuno, mpimaji anaacha mistari ya pembeni, anavuna kipande kilichopimwa, na anapima unyevu wa nafaka siku hiyohiyo, kwa sababu kilo bila unyevu hazilinganishwi. Kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 22, zikirudishwa kwenye unyevu wa asilimia 13, ni kilo 8.97 tu: zidisha kwa 78, gawa kwa 87, yaani asilimia kavu ya mwanzo na ile ya mwisho. Anayefika baada ya mavuno hana cha kupima. Atabaki kumuuliza mkulima alipata magunia mangapi, na gunia kila mtu analijaza apendavyo.

Sumukuvu nayo ina ugumu wake. Punje zenye sumu huwa chache na hujikusanya mahali, kwa hiyo unachota sehemu nyingi za lundo, unachanganya, unasaga zote, ndipo unapunguza. Mahindi yakiwa na unyevu unaozidi kama asilimia 14, kuvu wanaweza kuendelea kukua. Ukichukua sampuli wiki kadhaa baadaye, unachopima ni ghala, na swali la utafiti lilihusu shamba.

Wanaochunguza lishe wana shida iliyo mbaya zaidi, ingawa haionekani. Kipimo cha mchanganyiko wa vyakula kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kinauliza walichokula saa 24 zilizopita, kwa makundi 10, na anayefikisha makundi 5 ndiye anayehesabiwa kuwa amefikia kiwango. Ukiuliza ghala likiwa limejaa, karibu kila nyumba inaonekana inakula vizuri. Miezi ya njaa, ambayo ndiyo swali lenyewe, imepita bila dodoso hata moja.

Hata wale wanaokokotoa gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ambao ofisi yako huwaita watu wa kompyuta, wanategemea daftari la shamba lililojazwa msimu mzima. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kwa kadirio la kawaida la miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, asilimia 1 ya nitrojeni hiyo hutoka moja kwa moja kama nitrojeni iliyomo kwenye gesi ya oksidi ya nitrasi. Zidisha kwa 44, gawa kwa 28 upate uzito wa gesi yenyewe, kisha zidisha kwa 273, ambayo ni nguvu yake ya kuongeza joto ikilinganishwa na kaboni dayoksaidi, unapata sawa na kilo 99 hivi za kaboni dayoksaidi. Mkulima akisahau mfuko mmoja, hesabu imekosea kwa kiasi hicho chote.

Wapo wanaosema tatizo ni kufungwa kwa mwaka wa fedha. Wengine wanasema mjumbe mmoja akisafiri, akidi haitimii. Hatujui, na waraka haukusema. Tunachokiona ni mnyororo: bila kikao andiko halipiti, bila andiko kibali cha maadili hakiombwi, bila kibali masurufu hayatoki. Kiungo pekee ambacho hakijawahi kuahirishwa hadi itakapotangazwa ni tarehe ya mwisho ya kulipa ada.

Tulikuwa na orodha ndefu ya maombi. Tumeifupisha. Kama kikao hakiwezekani, wajumbe wapitishe maandiko kwa barua pepe. Kama hilo nalo ni gumu, yatolewe masurufu ya sampuli za mwanzo za udongo peke yake, kwa wale ambao kazi yao haihitaji kuhoji watu: pete, mifuko, barafu na nauli. Hayo mengine yafuate utaratibu wenu. Lakini haya yatoke kabla ya kupanda, Ndugu Mkurugenzi. Kabla ya kupanda. Yakitoka wiki moja baadaye, tutalazimika kuyarejesha bila kuyatumia, au kusubiri msimu mwingine huku tukilipa ada ya mwaka mwingine.

Wako katika kusubiri majibu,

Wanafunzi wa uzamili, Mifumo Endelevu ya Chakula