Barua ya malalamiko: chokoleti ya Kyela na "mara mbili" isiyo na maana

Leeds, Uingereza
12 Juni 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Kutengeneza Chokoleti.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADAI YA BEI NA YA UNUNUZI WA MOJA KWA MOJA KWENYE CHOKOLETI YENU YA KYELA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, mzaliwa wa Kyela mkoani Mbeya, na binti wa mkulima wa kokoa. Tarehe 3 Mei mwaka huu nilinunua dukani kwenu paketi 12 za chokoleti ya asilimia 70, kila moja gramu 70 kwa pauni 6.50, jumla pauni 78, ili niwagawie wageni katika ubatizo wa mwanangu. Niliichagua kwa sababu jina la kwetu liliandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na kwa sababu karatasi ilieleza kwamba kokoa yake ni ya mavuno ya 2024, kwamba mliinunua moja kwa moja kutoka kwa mkulima, na kwamba mlilipa mara mbili ya bei ya kima cha chini iliyowekwa na Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki. Malalamiko yangu yanahusu hayo mawili ya mwisho, na zaidi lile la bei.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tovuti yenu inatangaza kwamba mnapokea barua kwa lugha ya wakulima mnaonunua kwao. Tena nakala ya barua hii inakwenda kwa baba yangu na kwa viongozi wa chama chake cha msingi cha ushirika, nao nataka waisome wenyewe bila kutafsiriwa.

Bei ya kima cha chini ya Fairtrade kwa kokoa ya kawaida, yaani isiyo ya kilimo hai, iliyoanza kutumika Oktoba 2019, ilikuwa dola 2,400 za Marekani kwa tani, na juu yake dola 240 za nyongeza inayokwenda kwenye vyama vya wakulima. Mara mbili ya bei hiyo ni dola 4,800. Msomaji asiyefuatilia soko la kokoa ataliona neno "mara mbili" na kudhani kwamba mkulima alipewa cha ziada. Lakini mwaka 2024 haukuwa mwaka wa kawaida. Mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kokoa yote ya dunia, yalipungua sana kwa hali mbaya ya hewa na maradhi ya miti, na bei katika soko la New York ikavuka dola 10,000 kwa tani mwezi Machi, ikashuka katikati ya mwaka, kisha ikapanda tena hadi kupita 12,000 mwezi Desemba. Tangu Machi hadi mwaka ulipokwisha haikurudi kwenye hizo 4,800 hata siku moja. Maana yake ni kwamba kiasi mnachojivunia kilikuwa chini, tena chini sana, ya bei ya soko la miezi hiyo, ambayo hata mfanyabiashara asiyejitangazia uadilifu wowote alikabiliana nayo.

Bei ya kima cha chini ya Fairtrade iliwekwa kama kinga ya mkulima pale soko linapoanguka, na kanuni za Fairtrade zenyewe zinamtaka mnunuzi alipe bei ya soko pale inapokuwa juu ya kinga hiyo. Kuizidisha mara mbili katika mwaka ambao soko limepanda zaidi ya mara nne ya kiwango hicho, kisha kuichapisha kama ushahidi wa wema, ni kumpima mtu mzima kwa nguo ya mtoto na kushangaa jinsi alivyokua.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama mlilipa kweli dola 4,800, na hapo mkulima alipunjwa kwa jina la maadili; au mlilipa bei ya soko kama wanunuzi wengine, na maneno hayo ni masalia ya karatasi ya miaka ya nyuma ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Mimi naamini ni hili la pili, kwa sababu sioni ni nani Kyela angekubali kuwauzia kwa bei hiyo mwaka ule. Lakini hata hivyo mimi nililipa pauni 6.50 kwa paketi, bei ambayo mnaieleza wazi kuwa ni ya juu kwa sababu ya kile kinachokwenda kwa mkulima, ilhali kwa hesabu hiyo hakuna cha ziada kilichokwenda kwake.

Nimepiga hesabu nyingine nikiwa jikoni kwangu. Paketi ya gramu 70 yenye asilimia 70 ina gramu 49 za kokoa. Mbegu kavu hupoteza ganda na unyevu wakati wa kukaangwa na kupepetwa, kwa hiyo gramu hizo zinahitaji kama gramu 62 hadi 65 za mbegu, na kilo moja inatoa paketi 15 au 16. Kwa dola 4.80 kwa kilo, fungu la mkulima katika kila paketi ni kama senti 31 za dola. Sidai kwamba zilizobaki ni faida yenu tupu. Najua kuna usafiri, kodi ya jengo, mishahara, mashine zinazosaga usiku na mchana, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 ambayo chokoleti hutozwa hapa Uingereza. Ninachosema ni kwamba kampuni inayouza hadithi ya mkulima iwe tayari kuonyesha fungu la mkulima. Na kwa kuwa orodha ya viambato inataja pia siagi ya kokoa, ambayo huhesabiwa ndani ya hiyo asilimia 70, naomba mseme siagi hiyo ilitoka wapi. Haisemwi popote kama nayo ni ya Kyela.

Dai la pili ni hilo la kununua moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa sasa kokoa ya Kyela inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima huvuna, hupasua matunda, huvundika mbegu kwa siku tano hadi saba huku akizigeuza, huzianika kwenye vichanja mpaka zikauke, kisha huzipeleka kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS. Huko zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, na wanunuzi wanashindana kwa mnada. Malipo humfikia mkulima baadaye kupitia benki, baada ya makato ya ushuru wa halmashauri, ya ushirika na ya ghala. Mfumo huu una lawama zake, na baba yangu ana orodha ndefu ya lawama hizo, hasa juu ya malipo yanayochelewa wakati ada za shule zinadaiwa. Lakini ulianzishwa ili kuwazuia walanguzi waliokuwa wakinunua kokoa ingali mbichi kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu wenye shida. Katika mfumo huo mnunuzi wa mnadani hamjui mkulima, wala mkulima hamjui mnunuzi. Gunia la baba yangu linachanganywa na la jirani yake, na la jirani wa jirani yake.

Sisemi kwamba ununuzi wa karibu hauwezekani, maana upo. Kampuni ya chokoleti ya Askinosie, ya Springfield, Missouri, imekuwa ikinunua kokoa kwa kikundi cha wakulima wa Mababu, humo humo wilayani Kyela, na huwagawia wakulima sehemu ya faida yake. Kule Mbingu, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza mwaka 2013 kununua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzivundika na kuzikausha yenyewe mahali pamoja, na watengenezaji wadogo kama Dandelion wa San Francisco wamenunua kwao wakiwataja kwa jina. Taza ya Massachusetts imekuwa ikichapisha ripoti zinazoonyesha bei iliyolipa kwa tani kwa kila mzalishaji. Watengenezaji hao wote ni wa kiasi chenu, si viwanda vikubwa vyenye jeshi la wahasibu. Kama ninyi nanyi mna mkataba wa pekee na kikundi fulani cha Kyela, utajeni. Kama mlinunua kwenye mnada, au kwa wakala wa Ulaya aliyenunua kwenye mnada, hilo halina aibu yoyote, ila haliitwi moja kwa moja.

Tarehe 9 Mei niliwaandikia nikiuliza mambo matatu tu: jina la chama cha msingi, namba ya mzigo, na bei iliyolipwa ghalani. Baada ya siku kumi na moja dawati lenu la wateja lilinijibu kwamba "wakulima wetu wanafurahi sana kufanya kazi nasi", likaniambatanishia picha nne za watoto wanaocheka na namba ya siri ya punguzo la asilimia 15 kwa manunuzi yangu yajayo. Swali langu lilikuwa la bei na jibu likawa picha. Punguzo hilo sikulitumia na sitalitumia.

Kuhusu picha, niseme pia hii iliyo kwenye karatasi yenyewe, ingawa si kiini cha malalamiko. Mmechora mtu aliyevaa shuka nyekundu akiegemea fimbo, na nyuma yake mlima Kilimanjaro wenye theluji. Kyela iko kusini-magharibi, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Milima tunayoiona ni Livingstone na Rungwe, ardhi ni tambarare yenye mvua nyingi, na kokoa yetu inakua kwenye kivuli cha migomba. Kilimanjaro iko pembe nyingine kabisa ya nchi na hakuna mtu wa Kyela aliyewahi kuiona akiwa shambani kwake. Chini ya mchoro mmeandika "Asante Wakulima Yetu". Ni "wakulima wetu". Mtu yeyote wa Kyela angewasahihishia kwa dakika moja, na ndiyo maana kosa hilo dogo linanipa shaka juu ya ukaribu mnaousema.

Neno moja kuhusu sentensi ya nyuma ya karatasi, inayodai kwamba chokoleti hii "haina ajira ya watoto, tofauti na ya Afrika Magharibi". Utafiti wa NORC, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kokoa ya Ghana na Côte d'Ivoire, karibu miaka 20 baada ya kampuni kubwa kutia saini Itifaki ya Harkin-Engel ya mwaka 2001, makubaliano ya kukomesha ajira mbaya zaidi za watoto kwenye kokoa. Ni jambo zito, na halifai kugeuzwa tangazo la biashara na mtu ambaye haelezi yeye mwenyewe amekagua nini, lini na wapi. Mimi nimekusanya matunda ya kokoa Jumamosi nyingi za utoto wangu bila kushikishwa panga wala dawa, na shule sikuikosa. Jirani yetu mmoja hakuwa na bahati hiyo. Tofauti kati yangu na yeye haionekani kwa kutazama jina la nchi kwenye ramani.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Nipewe kwa maandishi bei mliyolipa kwa kilo kwa mzigo wa 2024, ghalani na kiasi kilichomfikia mkulima kama mnakijua, pamoja na jina la chama au wakala aliyewauzia. Dai la "mara mbili" liondolewe kwenye karatasi na kwenye tovuti, au liambatane na takwimu halisi na mwaka wake. Neno "moja kwa moja" lifutwe mpaka mtakapokuwa na mkataba wa kulithibitisha. Na nirudishiwe pauni 78, kwa kuwa Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Paketi tano hazijafunguliwa na nitazirudisha kwa posta mkitaka. Saba zililiwa ubatizoni, na sina budi kukiri kwamba zilikuwa tamu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu linalogusa hoja, nitapeleka maelezo ya kwenye karatasi kwa maofisa wa Trading Standards, wanaosimamia sheria za biashara na wateja, kupitia shirika la ushauri la Citizens Advice, na yale ya kwenye tovuti kwa mamlaka ya viwango vya matangazo, ASA. Tangu Aprili mwaka huu mamlaka ya ushindani, CMA, inaweza pia kuitoza faini kampuni inayopotosha wateja bila kwanza kwenda mahakamani, na mwanasheria wenu atawaeleza zaidi kuhusu hilo.

Risiti, picha za karatasi pande zote mbili na jibu la dawati lenu la wateja nimeviambatanisha. Jibu lenu liandikeni kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lakini namba ziwemo.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu, Leeds

Nakala: Mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, Kyela; na Baba.