Mashahidi wa Uganda ni 45, si 22

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka inapokaribia tarehe 3 Juni, gazeti lako huandika habari za mahujaji wanaokwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, na kila mwaka nasoma humo kwamba wanakwenda kuwaenzi "mashahidi 22 wa Uganda", yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba, nimehiji huko mara tatu, na hao 22 nawaheshimu kama ninavyowaheshimu wazee walionilea. Hata hivyo naomba nafasi niseme kwamba hesabu hiyo imepungukiwa na watu 23. Hao walikuwa Waanglikana, nao waliuawa kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) yuleyule, Mwanga, katika miaka ileile ya 1885 hadi 1887, na baadhi yao walichomwa pale pale Namugongo siku moja na wenzao Wakatoliki.

Ningekuwa nalalamikia tarakimu peke yake nisingekusumbua. Linalonisumbua ni kwamba ukiwatoa hao 23, habari ya hao 22 nayo haieleweki tena. Mkatoliki wa kwanza kuuawa, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikuwa mtumishi mwenye cheo katika jumba la Kabaka. Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliuawa Busoga akiwa njiani kuelekea Buganda, na Balikuddembe akathubutu kumkemea Kabaka kwa kumwua mgeni ambaye hakupewa hata nafasi ya kujieleza. Tarehe 15 Novemba naye akauawa. Kabaka alikuwa na sababu nyingine za kumchukia, lakini kemeo hilo lilikuwa miongoni mwazo, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii: Mkatoliki alijiponza kwa kumtetea askofu wa Kiprotestanti. Wakati ule watu wa pande zote mbili waliitwa kwa Kiganda "abasomi", yaani wasomaji, na kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake walijifunza Injili kwa msaada wa Kiswahili hiki tunachoandikiana.

Miaka sita baadaye wasomaji hao walipigana risasi. Inafaa kueleza walivyofika huko, kwa sababu wengi hudhani waligombania Bikira Maria au mamlaka ya Papa. Mwaka 1888 Wakristo wote walifukuzwa Buganda, wakakimbilia Ankole pamoja, na mwaka uliofuata wakarudi pamoja na kumrudisha Mwanga, ambaye naye alikuwa amepinduliwa, kwenye kiti chake. Kisha wakagawana vyeo nusu kwa nusu. Cheo cha utemi kilikuwa na ardhi yake na watu wake, kwa hiyo likazuka swali la mtu anayehama dini: je, akihama anaacha na cheo? Tangu hapo imani ya mtu ikawa kama hati ya shamba lake, na kila aliyeongoka alihesabiwa kuwa faida kwa kambi moja na hasara kwa nyingine. Wakaitana Wafransa na Wangereza, kwa nchi za wamisionari wao. Tarehe 24 Januari 1892 vita vikalipuka Mengo, makao ya Kabaka. Kapteni Lugard, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitafuta kuitawala nchi hiyo, alikuwa amewagawia Waprotestanti bunduki, akawasaidia kwa bunduki yake ya rashasha aina ya Maxim. Kanisa la Wakatoliki la Rubaga liliteketezwa, na baada ya mapatano Wakatoliki wakasukumwa Buddu, upande wa Masaka.

Sisi wa Kagera hatuwezi kusema hayo ni ya Waganda. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofukuzwa na vita hivyo, wakiwa na Askofu Hirth, ndio walioanzisha misioni ya Kashozi mwaka huohuo wa 1892. Ukatoliki wetu ulikuja na wakimbizi. Basi letu la hija likishavuka Mutukula hupita Masaka, katikati ya Buddu hiyohiyo, na katika safari zangu zote tatu sikusikia mtu akilitaja jambo hilo ndani ya basi.

Mgawanyo ule haukuishia kwa watemi. Chama cha siasa cha DP (Democratic Party) kilipoundwa Uganda mwaka 1954, wapinzani walikiita "Dini ya Papa", na UPC (Uganda People's Congress) nacho kikaonekana kuwa chama cha Waprotestanti, hata uhuru wa mwaka 1962 ukakuta watu wakihesabiana kwa makanisa.

Najua nitajibiwa kwamba Kanisa hutangaza watakatifu wake, na gazeti linafuata orodha ya Kanisa. Lakini Papa Paulo VI, alipowatangaza hao 22 mwaka 1964, aliwakumbuka kwa heshima Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo, na alipozuru Uganda mwaka 1969 alikwenda kusali mahali pao pa kumbukumbu huko Namugongo. Papa Fransisko naye, mwaka 2015, alianzia kwa Waanglikana ndipo akaenda kwenye basilika yetu. Sehemu hizo mbili ni jirani. Katika hija yangu ya pili nilimwomba kiongozi wa msafara tusimame huko japo kwa dakika kumi, akanijibu, "Kule si kwetu, mzee." Nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikera mpaka leo. Hija ya tatu nilipanda bodaboda nikaenda peke yangu.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo. Makala ya Juni ijayo ikiandikwa, iandike 45. Na ikiwa nafasi ipo, ianze na Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, vijana wa Kianglikana waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885, kabla ya Mkatoliki yeyote, ndipo ifike kwa Balikuddembe.

Wako katika Kristo,
Msomaji wa siku nyingi,
Bukoba, Kagera