Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafuga mbwa,

Assalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Hesabu atawasomea mweka hazina. Nami niseme tu kwamba ada zinachelewa, na wanaozichelewesha wanajijua. Chanjo ya kichaa cha mbwa tuliifanya Septemba, kuelekea tarehe 28 ambayo ni siku ya ugonjwa huo duniani. Serikali imejiwekea lengo la kuumaliza nchini kufikia 2030, kwa hivyo atakayeulizwa cheti cha mbwa wake asinune.

Kilichotushughulisha zaidi mwaka huu ni mbwa mmoja.

Familia ya mwanachama wetu wa mtaa wa Tudor, Mombasa, ilirudi kutoka Marekani na mbwa jike wa aina ya Beagle aliyetoka maabara. Wengi mliniuliza maabara inataka nini na mbwa. Dawa na kemikali hujaribiwa kwa wanyama kabla ya kuwafikia watu, na Beagle huchaguliwa kuliko mbwa wengine kwa kuwa mwili wake si mkubwa, hana makuu, na ukimuumiza leo kesho anakutikisia mkia vilevile. Upole ndio uliomponza. Utafiti ukiisha, wengi huuawa hata wakiwa wazima. Mwaka 2014 Minnesota ikawa jimbo la kwanza kuvitaka vyuo vinavyopokea fedha za umma viwatoe mbwa na paka wa utafiti wapate watu wa kuwalea. Na mwaka 2022, huko Virginia, Beagle wapatao 4,000 waliondolewa kwenye shamba moja lililokuwa likiwazalisha kwa ajili ya maabara, wakagawiwa majumbani.

Huyu wetu anaitwa Tulia. Ukikunja sikio lake utaona tarakimu zilizochanjwa kwa wino. Hilo ndilo lililokuwa jina lake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliandaa mapokezi. Tulikwenda kundi zima, watoto, biskuti, simu juu juu za kupiga picha. Tulia aliganda kizingitini, mguu mmoja hewani. Mtu akapiga makofi, naye akajichomoa kwenye mkanda, akaingia chini ya gari, asitoke hadi baada ya isha. Aliyemtoa ni binti wa nyumba, aliyelala kifudifudi sakafuni kando ya gari bila kumwita wala kumtazama. Sisi wazee wa chama tulikuwa barazani tukishauriana.

Mbwa aliyekulia kizimbani hajui mengi tunayodhani kila mbwa huzaliwa nayo. Nyasi zilimtisha, alisimama ukingoni mwa saruji kama mtu aliyefika majini asiyejua kuogelea. Ngazi zilimshinda. Haja alimalizia pale pale alipolala, kwani ndivyo alivyoishi, na kumkemea kungekuwa dhuluma. Muuza kahawa akipita akigonga vikombe vyake, Tulia alitetemeka mwili mzima.

Mwalimu wake hakuwa daktari wa mifugo wala mimi. Ni koko wa nyumba hiyo, mwenye sikio lililoliwa na kupe. Koko akishuka ngazi, Tulia anamtazama. Siku ya pili anateremsha miguu ya mbele. Wiki ya tatu wako wote chini ya mwembe.

Jirani yao, mzee wa sala tano, tulidhani ataleta malalamiko. Alileta kopo la udongo, akaliweka karibu na mfereji, akawaonyesha watoto wake namna ya kujitwaharisha mara saba wakirambwa. Maji ya kunywa ya Tulia siku za kaskazi huyajaza yeye.

Kamati inaleta pendekezo lipigiwe kura. Anayetaka kuchukua mbwa wa namna hii, au yeyote aliyeteswa, nyumba yake itembelewe mara mbili kwanza. Awe na mbwa mwingine mtulivu. Na mwezi wa mwanzo asipokee wageni, mwenyekiti akiwemo. Nafahamu wapo watakaosema tunaweka masharti mengi kuliko ya posa. Na wanaoulizia watoto wa Tulia, alishafungwa kizazi, msisumbue familia.

Mkutano ni Jumapili, saa nne asubuhi, mahali petu pa kawaida. Tulia hatakuja.

Mwenyekiti