Mng'ao wa katikati ya galaksi msiubatize mapema

Ndugu Mhariri,

Makala yenu imeubatiza mng'ao wa katikati ya galaksi yetu jina la maada giza, maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvuto wake tu, mapema mno. Mng'ao upo, hilo halina ubishi: darubini ya angani ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, hupokea kutoka huko mionzi ya gama mingi kuliko inavyotarajiwa, hasa kwenye nishati ya elektronivolti bilioni 1 hadi 3. Ubishi ni nani anayeuwasha.

Ukisimama kilimani Bugando usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, mbali ziwani huona weupe uliotandaa tu. Shika darubini ya mkono, utaona ni taa, moja moja. Fermi haina jicho hilo. Kwa elektronivolti bilioni 1 hukosea mwelekeo wa fotoni, yaani chembe ya mwanga, kwa takriban digrii 0.8, kupita upana wa mwezi mpevu. Basi maelfu ya pulsa, nyota za nyutroni zinazojizungusha mara mamia kwa sekunde, huweza kufanana na wingu la chembe za maada giza zinazoangamizana na kutoa mionzi ya gama. Tena nishati za pulsa hizo hufikia kilele karibu palepale.

Isitoshe, mng'ao huu ni mabaki ya hesabu. Hutolewa kwanza gama zinazozaliwa mionzi ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazosafiri angani, inapogonga gesi, halafu za vyanzo vinavyojulikana. Ramani ya gesi ikikosewa kidogo, kosa lote huangukia kwenye mabaki. Mwaka 2016 mbinu ya takwimu ilisema ni vitone, yaani taa. Mwaka 2019 watafiti wakapandikiza ishara bandia ya maada giza kwenye data. Mbinu ileile ikaihesabu kuwa vitone!

Makala haikugusa galaksi kibete, yaani ndogo, kama Draco, zenye maada giza tele na gesi karibu hakuna, ambako ishara ya maada giza ingeonekana bila kuchanganywa na gesi. Huko Fermi haijapata ishara ya uhakika, ingawa ukimya huo nao una mpaka: maada giza ya huko hukadiriwa kwa mwendo wa nyota chache, na ishara hufuata mraba wa msongamano wake, basi kosa la makadirio hukuzwa.

Kilichobaki ni kuzihesabu taa zenyewe kwa redio, kazi inayoifaa MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini yenye antena 64. Ugumu ni kwamba elektroni zilizoko njiani huyatawanya mapigo ya redio ya pulsa mpaka yanachanganyikana. Ukipanda masafa ya juu mtawanyiko hupungua, lakini huko pulsa nazo hufifia.

Tunaomba kichwa cha habari kisahihishwe: kilichogunduliwa ni mng'ao, si maada giza.

Wasomaji wenu,
Mwanza