Mhariri, purukushani sio ugomvi

Mhariri salaam. Naomba nafasi kidogo niongelee neno moja ambalo nyie wa magazeti na wenzenu wa redio mnalitumia kila kukicha, purukushani. Mgambo wakikimbizana na wamachinga basi "zazuka purukushani", mashabiki wakisukumana getini Uwanja wa Mkapa nako purukushani, yaani limekuwa ndo jina la kila varangati.

Jamani, hilo neno linatoka kwenye kupurukusha, kusikia jambo ukalichukulia juujuu kama halikuhusu. Fungueni kamusi ya Johnson ya 1939 mtalikuta na maana hiyohiyo, kutojali, kutokuwa makini. Mtu akiitwa mpurukushani sio kwamba ni mgomvi, anaweza akawa mpole kabisa hana neno na mtu, shida yake unamwambia mwanangu gesi ukimaliza funga mpaka kwenye mtungi, anakujibu "haya mama" macho yapo kwenye simu, anazima pale kwenye jiko tu huyo anaenda kulala. Kaambiwa, kasikia, na hajashika. Hiyo ndo purukushani yenyewe.

Na msiniambie si kuna uzembe. Mimi naona huo ni jirani yake tu, mzembe kazi anaikwepa, mpurukushani kazi anafanya na pengine anajituma kweli ila akili yake haipo pale. Yule kijana wa bodaboda aliyetundika helmeti kwenye usukani badala ya kuivaa sio mvivu hata kidogo, kaamka alfajiri yupo barabarani, na kila siku anaambiwa. Tukisoma kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva, mara nyingi nahisi neno lililofaa pale ni hilohilo mlilolihamishia kwenye ngumi.

Lugha inabadilika, sawa, sikatai, na mtaani watu waseme wanavyotaka, ila watoto wa shule wanajifunza Kiswahili kwenu. Na ugomvi haujawahi kupungukiwa majina, tuna rabsha, vurugu, ghasia, patashika, tafrani, kukurukakara, mshikemshike, vuta nikuvute, sasa kwa nini mchukue na hili? Mtu anayesikia asijali ataitwaje?

Mgambo na wamachinga wakishikana tena, andikeni rabsha. Herufi zenyewe 6 tu, kichwa cha habari kinatosha kabisa.

Msomaji wenu,
Tanga