Baiskeli ibaki Mokowe, safari iendelee kwa shanta

Bwana Mhariri,

Tangu lami ya Garsen na Witu ikamilike, wapanda baiskeli wa safari ndefu wanafika gati la Mokowe, la kuvukia visiwa vya Lamu, na swali moja: baiskeli ipakiwe botini au iachwe? Jibu letu ni iachwe kwa mtu wa kuaminika, na mwenyewe avuke na shanta mgongoni.

Visiwa hivi havina huruma kwa tairi. Ufuo wa Shela una karibu kilomita 12 za mchanga, na ukiacha ule mkanda ulioloweshwa na maji, hata tairi nene huzama. Rashasha za maji ya chumvi botini huanza kutia kutu kwenye cheni kabla hujaisahau safari, na mchanga mwembamba ukiingia kwenye beringi za pedeli huzisaga. Ndani ya mji wa Lamu vichochoro ni vya watu na punda. Utaisukuma baiskeli kuliko kuipanda.

Ila tahadhari: mwendesha baiskeli hodari ndiye anayeumia upesi akianza kutembea na mzigo. Mapafu yake yako tayari, nyayo zake haziko tayari. Kwenye baiskeli uzito hukaa kwenye kiti na fremu, na goti huzunguka bila kishindo. Kwa miguu, kila hatua ni pigo kwa kisigino, muundi na kifundo. Pumzi haimwambii apunguze mwendo, basi siku ya kwanza anakwenda kilomita 25, ya pili anachechemea. Ajipe wiki sita. Aanze na kilomita 5 bila mzigo, mara tatu kwa wiki, kisha kila wiki aongeze kitu kimoja tu, ama umbali ama uzito. Akiweza kilomita 15 na kilo 9 bila maumivu asubuhi inayofuata, yuko tayari.

Kosa la pili ni kufunga mzigo kana kwamba keria bado ipo. Mikoba ya baiskeli hubeba kilo 20 na mtu asihisi ila kwenye mlima. Mgongoni, kipimo cha kawaida ni sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili: mtu wa kilo 65 asizidishe 13. Maji lita 4 ni kilo 4, chakula cha siku mbili kavu ni kama kilo moja na robo, kwa hiyo vilivyobaki vyote, pamoja na shanta lenyewe, visipite kilo 7 na ushei. Pima kwenye mizani ya dukani, usikisie. Spana, tyubu na pampu vibaki Mokowe. Kwa joto letu blanketi la kulalia halina kazi: vikoi viwili na chandarua chepesi vinatosha, na kikoi hicho hicho ni taulo, shuka na kivuli. Shanta la lita 40 hadi 45 linatosha kabisa. Ukinunua la 70 utalijaza tu.

Urefu wa shanta ni muhimu kuliko jina la kampuni. Inamisha kichwa, shika kifupa kinachotokeza chini ya shingo, upimiwe kutoka hapo hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Hicho ndicho kipimo cha mgongo. Kulivaa kuna utaratibu. Legeza mikanda yote. Funga wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ndipo uvute ya mabega mpaka iguse bila kukandamiza, ufunge wa kifuani, na mwisho vile vijikanda vidogo vya juu ya mabega. Mabega yakiuma ndani ya saa moja, karibu kila mara mkanda wa kiunoni umeshuka. Maji na chakula, vilivyo vizito, vikae karibu na mgongo usawa wa mabapa ya bega; vikikaa nje au chini sana shanta hukuvuta nyuma nawe huinama mbele, kiuno kikalipa.

Malengelenge hutokana na msuguano, joto na unyevu, na ufuo wetu una vyote vitatu. Viatu vya pedeli havifai, soli yake haikunjiki. Chukua viatu vyepesi vilivyozidi kipimo chako kidogo, maana mguu huvimba kwa joto, na vua kukung'uta mchanga kila baada ya saa moja. Mahali panapoanza kuchoma pabandike plasta hapo hapo, kabla ngozi haijainuka. Kwenda peku kwenye mchanga mgumu kunavutia, lakini asiyezoea ataumwa na mashavu ya miguu.

Wakati wa kutembea huamuliwa na maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Saa mbili kabla ya kupwa kabisa na mbili baadaye ndipo mchanga huwa mgumu. Bahari ikijaa unabanwa kwenye mchanga laini, na mwendo hupungua nusu. (Gazeti lenu likichapisha nyakati za maji, wengi tungeshukuru.) Ufuo pia una mteremko: mguu mmoja ukikaa chini saa nzima, goti na nyonga hulalamika, kwa hiyo tafuta palipo tambarare.

Kutoka Shela kuelekea Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, hakuna kivuli wala duka, hivyo lita 4 si nyingi. Kunywa nusu lita kwa saa, na tende au mkate wenye chumvi pamoja nayo; maji matupu mengi bila chumvi yanaweza kumlaza mtu kama kiu. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu, basi haja isiende huko.

Ile bukta ya kubana ya baiskeli, tafadhali, isionekane vijijini kama Matondoni wala Siyu. Suruali pana au kikoi, na salamu kwa wazee kabla ya kuuliza pa kulala.

Anayetaka zaidi avuke hadi kisiwa cha Pate. Kutoka mji wa Pate hadi Siyu ni karibu kilomita 8, asubuhi moja. Lakini aulize boti jioni ya kuamkia safari, si asubuhi yenyewe: mlango wa Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, hupitika maji yakiwa yamejaa, na nahodha hamsubiri mtu anayefunga kamba za viatu.

Wasafiri wa miguu,
Langoni, Lamu