Malalamiko kuhusu programu yenu ya maabara ya gesi na metali

Shella, Malindi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: HESABU POTOFU ZA NISHATI YA KUBANDUKA

Nafundisha kemia hapa Malindi. Programu yenu, inayoiga kipimo cha kupasha metali hadi gesi iliyonata usoni mwake ibanduke, niliinunua kwa ajili ya vijana wa chuo kikuu wanaokuja kwangu wakati wa likizo. Mtambo wenyewe, wenye chumba cha ombwe (kisicho na hewa) na spektromita ya masi (kifaa kinachotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake), hatuna uwezo wa kuununua, kwa hiyo programu hii ndiyo maabara yetu.

Somo la kwanza ni kaboni monoksaidi inayobanduka kwenye uso wa fuwele ya platini. Nikiamuru joto lipande kwa kelvini 5 kila sekunde, kilele cha gesi, yaani joto ambapo inatoka kwa wingi zaidi, kinatokea kwenye kelvini 450 na programu inatoa nishati ya kubanduka, yaani ile inayohitajika kuing'oa gesi kwenye metali, ya kilojuli 115 kwa moli. Hapo sina neno. Kwa kigezo cha 10¹³ kwa sekunde (mara ambazo molekuli hujaribu kujing'oa), kanuni aliyoitoa mwanafizikia Redhead mwaka 1962 ya kupata nishati kutokana na kilele inaleta jibu hilohilo. Nikipunguza kasi hadi kelvini 1 kwa sekunde, kilele kinabaki palepale, na nishati inapanda hadi 121. Haiwezekani! Kifungo kati ya molekuli na metali hakiongezeki nguvu kwa sababu tu mpimaji anapasha polepole. Kinachopaswa kusogea ni kilele, kishuke hadi karibu kelvini 428, na nishati ibaki ileile. Kijana akimeza kosa hili, atakuwa amekosa kiini cha kipimo chote.

Somo la oksijeni nalo lina kasoro. Atomu zake hukutana mbilimbili kabla ya kuondoka, hivyo uso ukijaa zaidi kilele hushuka. Kilele cha programu yenu hakitikisiki.

Nilipowapigia, niliambiwa nizime kompyuta na kuiwasha tena, kisha nikaambiwa intaneti ya Malindi ni dhaifu. Programu hii haitumii intaneti. Jibu hilo limeniumiza kuliko kosa lenyewe, kwani wanafunzi wangu wanastahili sayansi ileile anayofundishwa mwanafunzi wa Nairobi.

Naomba mrekebishe hesabu hizo na kuwaarifu wateja wote walionunua toleo hili. Mkishindwa, nirudishieni fedha zangu. Grafu zote mbili na stakabadhi ya malipo nimeziambatisha. Tafadhali mpeni barua hii mtu anayeijua kanuni yenyewe.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu wa Kemia